Usijaze bwawa la vifaranga mapema

Mwezi uliopita nilisimama ukingoni mwa bwawa moja kule Mabogini, mzee mwenye bwawa akivuta wavu na vijana wake wawili. Wiki sita nyuma alipandikiza vifaranga 3,000 wa sato. Wavu ulipofika ukingoni walikuwamo samaki wasiojaza ndoo ndogo, viluwiluwi tele, na wadudu weusi waliokuwa wakifurukuta kwenye matope.

"Bwana samaki," akaniambia, "nimeuziwa vifaranga wagonjwa."

Nikamuuliza, "Zile siku za mwanzo, mzee wangu, uliona mizoga ikielea?" Hakuona hata mmoja. "Na maji ulijaza lini?"

"Mapema kabisa, mwanangu. Mwezi na siku kadhaa kabla, ili yaive."

Jibu lilikuwa hapo. Kifaranga aliyechoshwa na safari au aliyeugua hufa ndani ya siku mbili tatu, na mzoga wake utauona umesukumwa na upepo pembeni. Kifaranga aliyeliwa haachi kitu. Ukipandikiza 3,000, usione mizoga, kisha ukavua 200, usiende kugombana na kituo cha kutotolesha. Bwawa lako ndilo lililowala.

Nimelikuta kosa hili kuanzia Kahe hadi Usa River, na wanaolifanya si wavivu. Ni wafugaji wanaojituma, wenye bwawa safi lililokamilika kabla ya wakati. Naandika kwa sababu inauma kuona bidii ya namna hiyo ikiishia tumboni mwa wadudu.

Maji yakiingia kwenye bwawa lililokauka na likawekwa samadi, siku za kwanza huota vijimea vya kijani, kisha wanafuata vijidudu wadogo sana wanaovila vijimea hivyo. Hao ndio chakula cha kifaranga, na kwenye joto la Moshi ya chini huwa wengi kati ya siku ya tano na ya nane. Baada ya hapo wanakuja walaji. Mdudu anayeogelea chali na mbawakawa wa majini huja kwa kuruka usiku, kwa hiyo chujio la mlangoni haliwazuii. Chura hutaga, na kereng'ende hudondosha mayai kwenye nyasi zilizolalia maji. Ndani ya wiki tatu nne lava wa kereng'ende, yaani mtoto wake anayeishi majini, ameshakuwa mkubwa kiasi cha kumkamata kifaranga wa sentimita moja na kumla mzima. Maji unayoyaona yameiva yamejaa wawindaji. Kwa kambale ni mbaya zaidi, maana kifaranga wake mchanga hushambuliwa hata na vijidudu ambavyo angekuja kuvila akishakua.

Najua kwa nini mnajaza mapema. Zamu ya mfongo, yaani mfereji wa maji mnaogawana, ikifika huwezi kuiacha ipite, hasa kiangazi, maana hujui kama inayofuata utaipata. Lakini zamu ya maji ndiyo ipange siku ya vifaranga. Nenda kwanza kwa viongozi wa mfongo wako, pata tarehe za zamu mbili zinazofuatana, ndipo upige simu kituoni kuagiza. Wengi hufanya kinyume: wanalipia vifaranga, halafu wanatafuta maji. Na ukiwa hapo waulize walio juu yako ni lini wananyunyizia mrututu, ile dawa ya ukungu, kwenye kahawa, kwa sababu shaba iliyomo ni sumu kwa samaki.

Sasa hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kupokea vifaranga. Wiki tatu kabla, bwawa liwe tupu na linakauka. Liache mpaka sakafu ipasuke nyufa. Pakibaki kidimbwi hata cha ukubwa wa sinia, kichote au ukifukie, maana lava watajikusanya humo humo. Wiki mbili kabla, mwaga chokaa ya kilimo, kilo 10 kwa kila mita za mraba 100, kilo 20 kama udongo ni wa tindikali, sakafuni na kwenye kuta za matuta. Siku saba kabla, ingiza maji ya zamu ya kwanza hadi kina cha sentimita 40, na samadi iingie siku hiyo hiyo: ya kuku iliyokauka kilo 5 kwa mita za mraba 100, au ya ng'ombe kilo 10. Maji ya kina kifupi hupata joto haraka na kijani huwahi. Zamu ya pili ikija, ongeza hadi sentimita 80. Walio juu, Marangu na Machame, pamoja na ninyi wa Arusha mlio kwenye mita 1,400, mwezi Juni hadi Agosti fanyeni siku kumi badala ya saba, kwa sababu maji baridi huchelewesha kila kitu. Kumi, si ishirini.

Maji yapite kwenye soksi ya chandarua kilichokunjwa mara mbili, yenye urefu wa mita moja na nusu, iliyofungwa mdomoni mwa bomba. Kipande cha wavu kilichosimamishwa mlangoni kama pazia huziba kwa majani dakika kumi tu, nanyi mnakitoa ili maji yaende, na hapo ndipo perege wa mtoni wanapoingia. Nimewakuta watu wakifanya hivyo nikiwa nimesimama palepale!

Na tafadhali pimeni. Bwawa usilipime kwa hatua za miguu. Chukua futi kamba, urefu mara upana. La mita 10 kwa 12 ni mita za mraba 120, basi chokaa ni kilo 12, samadi ya kuku kilo 6. Kina upime kwa fimbo uliyoitia alama, sehemu tatu tofauti. Mtu ananiambia "niliweka debe mbili hivi za samadi" halafu anashangaa samaki wanatweta alfajiri.

Hata ukifuata siku saba, wadudu wachache wataingia. Jioni ya siku moja kabla ya vifaranga, hewa ikiwa imetulia, tumia mafuta ya kupikia na sabuni ya mche. Kwa bwawa hilo la mita za mraba 120, kata sabuni gramu 215, iyeyushe kwenye maji ya moto, mimina mafuta robo tatu ya lita huku unakoroga mpaka iwe nyeupe kama maziwa, kisha nyunyiza juu ya maji yote. Wadudu wanaopanda juu kuvuta hewa hukosa pumzi na kufa. Kukiwa na upepo acha, utando utasukumwa upande mmoja na hautafanya kazi. Oili chafu ya gari usiitumie. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe msiisogeze kabisa karibu na bwawa: inaua chakula chote cha kifaranga, na kifaranga mwenyewe kesho yake.

Ila mafuta hayamgusi lava wa kereng'ende. Yeye hahitaji kupanda juu, huvuta pumzi ndani ya maji kwa matamvua yaliyo nyuma ya tumbo lake. Wafugaji wengi wamemwaga mafuta kwenye maji ya mwezi mzima wakadhani wamemaliza. Huyo huondoka kwa kukausha tu, ndiyo maana nang'ang'ania tarehe.

Kituo kikichelewesha siku tatu nne, vuta wavu wa chandarua bwawa zima kila asubuhi, nyunyiza mafuta tena jioni ya siku moja kabla, kisha pandikiza. Maji yakipita siku 14 yamwage, kausha, anza upya. Najua inavyouma kumwaga maji ya mfongo. Yaelekeze kwenye mboga au migomba, yana rutuba. Vifaranga mkipandikiza wasizidi 50 kwa mita ya mraba, na mfuko waliokuja nao uelee juu ya maji dakika 20 kabla ya kuufungua. Nyasi za ukingoni zifyekwe kila wiki, na karatasi ya nailoni ya sentimita 60 izunguke bwawa kuzuia chura.

Siku ya tatu, ukirusha chakula cha unga wakapanda kwa kundi, wako salama.

Kama bwawa lako lina maji tangu masika na vifaranga wanakuja Jumamosi hii, piga simu kituoni leo uahirishe. Fungua bomba la chini kesho asubuhi, uone mwenyewe kinachobaki kwenye matope.