Namna ya kuhifadhi maneno 12 ya pochi yako ya kripto

Natengeneza simu hapa Mwembe Tayari, Mombasa, na siku hizi mteja akiniletea simu iliyokufa, mara nyingi swali lake la pili huwa hili: "Fundi, na pochi yangu ya kripto iliyokuwa humu ndani, itarudi?" Namuuliza kama anayo yale maneno 12. Akiwa nayo, hata simu ikizama kwenye kivuko cha Likoni atafungua pochi ile ile kwenye simu nyingine. Asipokuwa nayo, na simu haiwaki tena, mimi sina dawa.

Tuelewane kwanza. Kripto ni sarafu za kidijitali, na pochi ni programu ya kuzipokea na kuzituma. Sarafu zenyewe hazimo kwenye simu. Zimeandikwa kwenye blokicheni, daftari linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani kwa pamoja. Simu inashika ufunguo tu, na maneno 12 au 24 ndiyo ufunguo huo ukiwa umeandikwa ili mtu aweze kuusoma. PIN inafunga kifaa hicho kimoja. Aliyeyapata maneno hahitaji PIN yako, simu yako wala laini yako. Ukikosea namba kwenye M-Pesa, unapeleka ujumbe 456 na kuomba pesa zirudishwe. Huku hakuna 456.

Hatua ya 1: Tengeneza pochi mwenyewe

Pakua programu kutoka tovuti ya walioitengeneza. Usifuate kiungo ulichotumiwa kwenye kundi la Telegram. Kama kuna kijana wa mtaani aliyekufungulia pochi "kukusaidia", chukulia kwamba maneno ameyaona, hata awe mtoto wa shangazi yako. Fungua nyingine ukiwa peke yako. Na ukinunua kile kifaa maalumu cha kuhifadhia kripto, ukakuta ndani ya boksi kuna kadi yenye maneno tayari, huo ni mtego: maneno halali huzalishwa na kifaa chenyewe mbele ya macho yako.

Funga mlango. Kwa wanaopanga nyumba za Kiswahili, ambako ukuta wakati mwingine haufiki darini, usiyasome maneno kwa sauti.

Hatua ya 2: Andika kwa penseli

Kalamu ya jeli inachuruzika ikiguswa na maji, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwaka mzima. Penseli haichuruziki. Andika kwa herufi kubwa, kila neno na namba yake, kwa sababu mpangilio ni sehemu ya ufunguo. Usiyatafsiri wala kurekebisha tahajia.

Pochi nyingi huyachukua maneno hayo kwenye orodha ya BIP39, iliyotolewa mwaka 2013. Ile ya Kiingereza ina maneno 2,048, la kwanza "abandon" na la mwisho "zoo". Walioipanga walihakikisha herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua neno lolote, jambo litakalotufaa kwenye Hatua ya 4, tukiyagonga kwenye chuma. Ndani ya neno la mwisho kuna hesabu ya ukaguzi, kwa hiyo ukikosea neno moja programu kwa kawaida itayakataa. Usiitegemee sana lakini: kwa maneno 12, kosa 1 kati ya 16 linaweza kupenya, ukafunguliwa pochi tupu isiyo yako.

Sasa hapa ndipo watu wanapoharibu. Usipige picha. Usipige skrinishoti. Usijitumie WhatsApp. Usipeleke karatasi kwenye saiba itolewe kopi au ifungwe plastiki kwa mashine. Picha kwenye simu haikai kwenye simu tu. Simu nyingi huipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kukuuliza kila mara, na anayeingia kwenye akaunti yako ya barua pepe anaikuta. Februari 2025 watafiti wa Kaspersky walieleza programu hasidi waliyoiita SparkCat, iliyopenya mpaka kwenye maduka rasmi ya Google na Apple. Kazi yake ilikuwa kusoma maandishi ndani ya picha za watu ikitafuta maneno haya haya. Mwizi wa aina hiyo hana haja ya kukufuata Kongowea.

Ukishamaliza, andika chini ya karatasi jina la programu uliyotumia. Pochi hazifanani: Electrum, kwa mfano, ina mfumo wake wa maneno usio BIP39, na maneno yake ukiyaingiza kwenye programu nyingine yanaweza kukataliwa.

Hatua ya 3: Futa, kisha urejeshe

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na kwangu mimi ndiyo kazi yenyewe. Karatasi ambayo hujawahi kuitumia kufungua pochi bado hujui kama inafungua.

Ingiza kiasi kidogo sana, ambacho kikipotea hutalala njaa. Nakili pembeni anwani ya kwanza ya kupokelea, yaani ule mfuatano wa herufi na namba unaompa anayekutumia sarafu. Hiyo si siri. Kisha ifute programu yote kwenye simu. Ndiyo, ifute. Ipakue upya, chagua kurejesha pochi ya zamani, na uingize maneno ukisoma kwenye karatasi, si kwa kichwa. Anwani ikiwa ile ile na kile kiasi kipo, karatasi yako ni nzima, na sasa unaweza kuweka pesa za maana.

Ukiona sifuri, usitaharuki. Huenda umesoma vibaya neno moja, au umerejesha kwa programu inayotafuta akaunti kwa njia tofauti na ile ya kwanza. Rudi kwenye programu ya awali kabla ya kutafuta msaada. Na msaada wowote, iwe "huduma kwa wateja" au fundi kama mimi, anayetaka umpe maneno ni mwizi.

Hatua ya 4: Hamishia kwenye chuma

Karatasi Mombasa ina maadui wengi: masika, mchwa, mende, paa linalovuja, moto. Kwa pesa kidogo karatasi mbili zinatosha. Kwa akiba ya maana gonga chuma.

Nenda duka la vifaa ununue washa za chuma cha pua (vile visahani vyenye tundu katikati), moja kwa kila neno, na bolti ndefu yenye nati. Omba namba 316, inayovumilia chumvi ya bahari kuliko 304. Ulizia kwa wanaouza vifaa vya maboti. Nenda na sumaku: 304 na 316 haishikwi na sumaku, au inashikwa kwa mbali tu, ilhali chuma cha kawaida kilichopakwa zinki kinang'ang'ania. Alumini iache, inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Chuma cha pua kinahitaji takriban 1,400.

Chukua seti ya herufi za kugonga na nyundo. Kwenye kila washa gonga namba ya neno na herufi zake nne za mwanzo. Neno la herufi tatu acha nafasi ya nne tupu. Jizoeze kwanza kwenye washa ya kuharibu. Kazi hii usimpe fundi wa kuchonga, hata akiwa rafiki. Ifanye mchana, mtaa ukiwa na makelele yake, maana nyundo saa nne za usiku huwaita majirani. Zitunge kwenye bolti, kaza nati. Washa hata zikichanganyika, namba zitazipanga.

Hatua ya 5: Mahali pawili

Tafuta sehemu mbili ambazo janga moja haliwezi kuzifikia pamoja. Nyumbani Tudor na dukani Tudor ni sehemu moja. Nyumbani Tudor na kwa dada yako Voi, hapo sawa. Tia kila nakala kwenye bahasha, saini juu ya kifuniko ili ijulikane ikifunguliwa, halafu kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Wengine huyakata maneno 12 nusu kwa nusu. Mimi sishauri. Nusu moja ikipotea umekwisha, na anayeiba nusu amebakiwa na kazi nyepesi mno kuliko anayeanza bila chochote. Wala usiongeze neno la siri la ziada kama huna mpango wa kulihifadhi mahali pengine, kwa sababu ukilisahau, yale 12 hayatakufikisha popote.

Hatua ya 6: Warithi

Andika barua isiyo na maneno yenyewe: kwamba pochi ipo, ni programu gani, nakala ziko wapi, na kwamba asiulizwe mtu yeyote mtandaoni. Mpe mke, mume au ndugu unayemwamini. Kadhi anaweza kugawa mirathi yako sawasawa kabisa, lakini hawezi kuifungua pochi.

Ukishuku yameonekana

Bahasha imefunguliwa, au umekumbuka skrinishoti ya zamani. Kubadilisha PIN hakusaidii kitu. Fungua pochi mpya yenye maneno mapya, yaandike, uyajaribu kwa kurejesha, kisha hamisha kila kitu kutoka ile ya zamani siku hiyo hiyo. Anza na sarafu yenye thamani kubwa, na uache kiasi cha kulipia ada ya mtandao mpaka ya mwisho itoke.