Ubuntu imekwama kupanda toleo kwa sababu /boot imejaa: fanya hivi

Kompyuta nyingi ninazoletewa hapa Ngamiani, Tanga, zikiwa zimegoma kupanda toleo la Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux), diski yake ina nafasi tele. Kilichojaa ni /boot, kisehemu kinachotengwa peke yake hasa pale diski iliposimbwa. Kila keneli (kiini cha mfumo endeshi) huweka faili zake humo, na initrd moja (faili inayosaidia keneli kuwaka) yaweza kula zaidi ya MB 100.

Ukiona "No space left on device", usizime mashine. GRUB, programu inayowasha mfumo, huchagua keneli mpya kuliko zote, na kama initrd yake haijakamilika, mfumo hautawaka. Umeme usikukatikie hapo: chomeka chaja, au UPS kama ni kompyuta ya mezani.

Hatua ya 1. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), hakikisha ni /boot kweli, kisha ujue keneli unayotumia sasa:

df -h /boot
uname -r

Jibu la amri ya pili liandike kwenye karatasi. Keneli hiyo haiguswi kabisa.

Hatua ya 2. Tazama keneli zilizopo:

dpkg -l 'linux-image-*' | grep ^ii

Hatua ya 3. Anza na njia ya upole, inayoondoa vifurushi visivyohitajika tena:

sudo apt autoremove --purge

Ikikataa kwa sababu ya kifurushi kilichoishia njiani, ondoa mwenyewe keneli ya zamani kabisa. Tuseme ni 5.15.0-91:

sudo dpkg --purge linux-modules-extra-5.15.0-91-generic linux-image-5.15.0-91-generic

Nakusihi, usiingie /boot ukafuta kwa amri ya rm. Faili zitaondoka, lakini dpkg (programu inayosimamia vifurushi) itaendelea kuamini keneli ipo, na fundi atakayekuja baadaye atahangaika bure. Mpaka hapa hujatumia bando hata kidogo.

Hatua ya 4. Malizia kilichokatika:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install
sudo update-grub
ls -lh /boot

Initrd ya keneli mpya ikionekana, washa upya.

Kama mashine ilishazimwa na haiwaki, bonyeza Esc inapoanza (Shift kwa mashine za zamani zinazotumia BIOS), ingia "Advanced options for Ubuntu", chagua keneli ya zamani, kisha rudi hatua ya 1.

Wapo wanaobadili MODULES=most kuwa MODULES=dep ndani ya /etc/initramfs-tools/initramfs.conf, kisha wanaendesha sudo update-initramfs -u. Initrd hupungua sana, maana hubeba viendeshi vya mashine hiyo tu. Mimi siwafanyii wateja wa kompyuta za mtumba: diski zao huhamishwa mashine hadi mashine, na kwenye mashine ngeni mfumo huenda usiwake.