Kabla hajaondoka misheni, pangeni na ukimya

Askari akishatajwa kwenye orodha ya misheni ya kulinda amani nje ya nchi, nyumba nzima inaingia mbio. Kuna chanjo ya homa ya manjano, kuna ukweni kwa kuaga, kuna sanduku linalotafutiwa kufuli. Suala la mawasiliano huachwa mpaka usiku wa mwisho, na hapo hujibiwa kwa maneno mawili: "Tutachati tu." Mimi nimemsindikiza baba watoto mara mbili, na mara ya kwanza jibu lilikuwa hilohilo. Mtandao ulipokuwepo tulichati, kweli. Ulipokosekana siku tisa mfululizo nilikonda kama mgonjwa, maana hatukuwa tumekubaliana chochote kuhusu siku za kutosikia kitu.

Kwa hiyo kabla ya bando na kabla ya simu mpya, kaeni kitako muongelee ukimya. Mwulize mwenzako, au mwulize askari aliyekwisha kwenda huko, siku ngapi za kutopatikana ni za kawaida. Kambi kubwa ina mtandao. Katika taratibu za Umoja wa Mataifa, intaneti huhesabiwa kuwa sehemu ya ustawi wa askari wa vikosi vinavyochangiwa na nchi. Lakini askari hakai kambini tu. Anatoka doria, anapelekwa kwenye kituo kidogo porini, na huko simu inabaki ya kuangalia picha za watoto. Mara ya pili sisi tuliafikiana siku kumi. Ndani ya siku kumi sipigi simu kwa mtu yeyote, sianzi kuuliza kota nzima. Siku ya kumi na moja naruhusiwa kumtafuta afande mmoja aliyebaki kikosini, ambaye jina na namba yake nilipewa mapema. Siku kumi zenu zinaweza kuwa tano au kumi na nne. Muhimu iwe namba mliyoitaja kwa mdomo, wote wawili mkaikubali.

Ukimya una sababu nyingi, na ukizijua kabla hautakuua. Congo ilizima intaneti nchi nzima siku moja baada ya uchaguzi wa Desemba 30, 2018, na watu wakakaa karibu wiki tatu bila WhatsApp. Mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, umeme, maji na intaneti vilikatika mjini na uwanja wa ndege ukafungwa. Askari wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini waliokwenda na kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikuwa upande ule, na wake zao walikuwa huku wakitazama tiki moja ya kijivu. Wala tusiwasingizie Wakongo peke yao: hapa kwetu Tanzania siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa, na kwa siku kadhaa aliyekuwa hapatikani ni sisi. Hakikisheni basi mna namba ya kupiga kawaida, kwa vocha, mbali na programu za kuchatia.

Halafu kuna sababu ambayo hatuipendi kuisema. Majeshi mengi, likitokea jambo baya, huzuia simu kambini mpaka familia iliyoguswa ipelekewe habari kwanza. Maana yake, siku ambayo kambi nzima imenyamaza huenda kuna mlango mahali unabishwa hodi, na uwezekano mkubwa si wako. Ni wazo chungu, lakini lilinisaidia kuliko maombi mengine yote ya usiku.

Semuliki, wilayani Beni huko Congo, kambi ya Watanzania ilishambuliwa jioni ya Desemba 7, 2017. Walinda amani wetu 15 walikufa. Umoja wa Mataifa ulitangaza kesho yake. Kati ya shambulio na tangazo kulikuwa na usiku mzima, na usiku kama huo ndio unaopaswa kuandaliwa tangu nyumbani. Mkubaliane: habari ya kweli inakujaje? Inakuja na mtu wa jeshi, anayejitambulisha. Haiji kwa kundi la WhatsApp la wake wa kombania, haiji kwa shemeji aliyesikia kwa rafiki yake wa Mwanza. Baada ya kambi ya Wakenya kushambuliwa El Adde, Somalia, Januari 15, 2016, picha za maiti zilizagaa mitandaoni hadi serikali ikaonya watu waache kuzisambaza. Ukitumiwa picha ya namna hiyo usiifungue, usiitume mbele, hata kwa nia ya kuuliza "huyu si fulani?"

Ili mtu wa jeshi aweze kukufikia, fomu lazima iwe sahihi. Mwombeni askari akague jina la ndugu wa karibu alilojaza kikosini. Wengi walijaza wakiwa kuruti, wakaandika jina la mama aliyeko kijijini, na tangu hapo wameoa, wamezaa, wamehama mara tatu. Namba ya simu iliyoandikwa pale huenda ilikufa zamani. Na kama ana wake wawili, au ana mtoto wa nje anayejulikana nusu, ni heri mambo hayo yawekwe mezani kabla ya safari. Nasema hivi nikijua kuna watakaonuna.

Yasiyoulizwa nayo yaorodheshwe. Usimwulize yuko kijiji gani, wako wangapi, kesho wanaelekea wapi, wanarudi lini. Msitunge mafumbo ya kupenyeza mahali alipo, eti "nimefika kwa shangazi" ikiwa na maana ya mji fulani. Mafumbo ya mke na mume huvunjwa na mtoto wa darasa la tano. Fumbo mnaloruhusiwa ni la hali: neno moja lenye maana "niko mzima ila siwezi kuongea sasa." Na wewe huku usiweke mtandaoni picha yake ya magwanda ikiwa na jina la kikosi, wala usihesabu hadharani siku zilizobaki arudi. Babu zetu wa Keya, jeshi la mkoloni Mwingereza, walipopigana Bama (Burma) mwaka 1944, barua zao zilipita kwanza mikononi mwa wakaguzi. Leo hakuna wa kukaa katikati na kufuta mistari, hivyo mkaguzi ni wewe na kidole chako.

Sasa laini. Hapa ndipo wengi hukwama kwa uzembe mdogo. Akifika atanunua laini ya huko, lakini WhatsApp yake itaendelea na namba ya Tanzania mradi hajaifuta kwenye simu. Tatizo linakuja simu ikipotea au ikizama mtoni: kuirudisha WhatsApp kunahitaji tarakimu za uthibitisho, na zinatumwa kwenye ile laini ya nyumbani. Waliojipanga huiacha laini hiyo kwenye kitochi kabatini, chenye chaji, mke anaisoma meseji na kumtajia. Lakini mtajie akiwa ni yeye, umeisikia sauti yake. Awashe pia ulinzi wa hatua mbili wenye PIN, na PIN hiyo isiwe mwaka wa kuzaliwa wa kifungua mimba, kila mtu anaujua. Kitochi hicho kitumike mara mojamoja, kupiga au kuweka vocha, kwa sababu laini iliyolala miezi mingi hufungwa na namba kupewa mtu mwingine. Akaunti ya WhatsApp yenyewe, isipoguswa siku 120, hufutika.

Mfundishane kusoma tiki. Moja maana yake ujumbe haujafika kwenye simu: imezimwa au hakuna mtandao. Mbili za kijivu, umefika. Si lazima zigeuke bluu leo. Sisi tulizima kabisa ile "mara ya mwisho kuonekana", na sababu ilikuwa mama mkwe, aliyekuwa akiamka saa tisa usiku kukagua kama mwanawe alionekana, kisha ananipigia mimi. Mtandao ukiwa dhaifu, ujumbe wa sauti ni bora kuliko simu ya video inayogandisha uso wa mtu mdomo ukiwa wazi: unarekodi, unatuma, wenyewe unasubiri mawimbi na kuondoka yakipatikana. Nao unasikilizwa tena na tena. Nina wa sekunde kumi na nne, anacheka tu.

Saa zinachanganya kuliko mnavyodhani. Beni na Goma ziko nyuma yetu kwa saa moja, Afrika ya Kati ambako Watanzania wako Berberati iko nyuma saa mbili. Lebanon ndiyo msumbufu: majira yao ya joto saa ni sawasawa na ya Dar es Salaam, kisha mwisho wa Oktoba wanarudisha mishale nyuma saa moja, na simu ya saa tatu usiku inaanza kuja saa nne watoto wamelala. Polisi wa Kenya waliotua Haiti Juni 2024 walikuwa nyuma ya Nairobi saa saba, na nane majira ya baridi. Mke anaandaa chai ya asubuhi, mume hajalala bado. Ongeza na lugha ya jeshi: askari akikwambia "saa ishirini" anamaanisha saa mbili usiku. Chagueni siku mbili za wiki zenye saa maalumu, si kila siku. Ahadi ya kila siku itavunjwa wiki ya kwanza, na kila ikivunjwa moyo unaruka bure.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi kwa kuwa kila nyumba ina yake. Jueni mshahara unaingia akaunti gani, nani ana kadi, ada inalipwa tarehe ngapi, na nani ana haki ya kusaini ikibidi. Hati ya uwakilishi iandaliwe kwa mwanasheria mapema. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa viwe bahasha moja. Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na kuuandika si kujitabiria.

Ila matapeli wanataka nafasi yao. Ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" sote tunaucheka, lakini ukija siku ya sita ya ukimya, ukisema "mke wangu, simu imeibiwa, natumia ya mwenzangu, nimeumia kidogo", hakuna anayecheka. Jirani yangu wa kota alituma laki tatu. Tapeli anajua mume wako yuko misheni kwa sababu wewe mwenyewe ulimwonyesha kwenye status. Dawa ni swali la siri ambalo jibu lake haliko kwenye picha wala kwenye vyeti: mvua ilitukuta wapi, nani alianguka siku ya send-off. Sheria yetu ilikuwa kwamba hakuna shilingi inayotoka kwa ujumbe wa maandishi, hata swali likijibiwa, mpaka sauti isikike.

Habari mbaya za nyumbani ndizo tulizokosea zaidi. Baba yake aliugua, mimi nikaficha wiki mbili ili asivurugike, binamu akamwambia kwa Facebook. Alininunia mwezi. Kabla ya safari ya pili nilimwuliza wazi: ukifiwa, unataka kujua saa hiyohiyo au ukitoka doria? Nani akuambie? Alichagua aambiwe na viongozi wake kambini, akiwa amekaa, silaha ikiwa imewekwa. Basi nami nikapata njia: napiga kikosini, "Shikamoo afande, kuna msiba", nao wanafikisha. Na ndugu wote waliambiwa kwenye kikao cha kuaga kwamba hakuna wa kuandika "pole" ukutani kwake kabla yangu. Kwa ugonjwa mdogo wa watoto, mabati yanayovuja, ugomvi na wifi, tulikubaliana nimweleze vikishaisha. Mtu aliye mbali na nyundo hawezi kugongelea bati, atabaki nalo kichwani kwenye lindo.

Watoto wanahitaji vitu vya kushika. Chapisha picha mbili tatu, moja ibaki naye, moja ibandikwe usawa wa macho ya mtoto, si juu ya televisheni. Mrekodi akisoma hadithi, akiita majina yao mmojammoja, akiwaombea kabla ya kulala, kisha sauti hizo ziwekwe kwenye simu na kwenye flashi, maana simu hupotea. Mtoto wa miaka miwili atakimbia simu ya video. Yule mtu mdogo wa kwenye kioo hamfahamu. Msimlazimishe kusalimia. Baba aendelee kuongea na wewe huku mtoto anacheza karibu, siku moja atakuja mwenyewe kuonyesha kiatu. Na baba asifanywe polisi wa kwenye simu, dakika nane za wiki zikaishia kwenye kukaripia matokeo ya hisabati.

Vitu vya kutuma vipo pia. Zamu mpya ikiondoka, ulizeni mapema kikosini kama bahasha inapokelewa. Mimi nilituma michoro ya watoto, binzari na pilipili manga. Pilipili ilisifiwa na kombania nzima.

Usiku wa mwisho, badala ya kupanga haya tena, tulichukua karatasi ya daftari. Akaandika kwa mkono wake: namba ya afande wa kikosini, namba ya mke wa mwenzake mmoja, akaunti ya ada, tarehe ya bima ya pikipiki, na juu kabisa "SIKU 10" akaizungushia duara. Karatasi tuliibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, pale ninapochukua sukari. Bado ipo, ina doa la mafuta kwenye namba ya afande, lakini inasomeka.