Kabla Hujalegeza Bolti ya Distribyuta

Gari la zamani likianza kugonga kwenye mlima au kuchemka ovyo, mkono hukimbilia distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi, ili kubadilisha taiming, yaani wakati cheche inapopigwa. Uzuie. Kuizungusha ni hatua ya mwisho. Ukianzia hapo utauficha ugonjwa tu.

Chora alama kati ya distribyuta na bloku, ujue ulipotoka. Kisha angalia kontakti pointi (swichi ndogo ya ndani inayofunguka na kufunga ili kutoa cheche), kwa sababu uwazi wake ukibadilika taiming nayo inahama. Injini nyingi hutaka karibu milimita 0.4, ila fuata kitabu cha gari lako. Tikisa shafti ya distribyuta kushoto na kulia: ikicheza, bushi (mikono ya chuma inayoishika) zimekwisha, na seti yoyote utakayoweka haitadumu.

Advansi, mtambo wa kuwahisha cheche, ndiyo inayosahaulika zaidi. Ndani mna vyuma viwili vilivyoshikwa na springi. Kasi ikipanda vinatanuka na kuwahisha cheche. Zungusha rota (kile kipande kinachozunguka juu ya shafti) kwa mkono kuelekea upande wake wa kawaida, uiachie. Irudi yenyewe, mara moja. Ikijivuta, kuna kutu au grisi iliyokauka. Upande wa vakyumu, yaani advansi inayovutwa na mfyonzo wa injini, chomoa mpira mwembamba kwenye kabureta, futa ncha yake (ladha ya petroli haifai mdomoni), fyonza, uzibe kwa ulimi. Bamba la pointi lisogee na likae hapo hapo. Likirudi huku umeziba, diaframu imetoboka, au mpira wenyewe umepasuka.

Alama ya taiming iliyo kwenye puli ya kreki (shafti kuu ya injini) usiiamini kwa macho. Puli zenye mpira katikati huweza kuteleza pete yake ya nje, alama ikakudanganya. Ipeleke pistoni ya kwanza juu kabisa, uone kama sifuri inaangukia mahali pake, kisha uipake chaki.

Sasa washa injini ipate moto. Sailensi, yaani kasi ya injini bila kukanyaga mafuta, iwe ile ya kitabu, maana ikiwa juu vyuma vitaanza kutanuka na kipimo kitakuwa cha uongo. Magari mengi hutaka mpira wa vakyumu uchomolewe na kuzibwa. Funga mikono ya shati: chini ya taa ya taiming, inayomweka kwa kila cheche, feni inayozunguka huweza kuonekana imesimama.

Sogeza distribyuta kidogo kidogo, kwani digrii 1 ya distribyuta ni digrii 2 za kreki. Ukishakaza bolti, panda hadi mizunguko 3,000 kwa dakika huku ukimulika. Alama ihame kwa ulaini na irudi pale pale. Ikirukaruka, fungua tena uangalie zile springi.