Kufundisha mgomo wa mabasi wa Montgomery kwa karatasi tatu

Kuhusu mgomo huo, ambapo abiria Weusi walisusia mabasi ya mji yaliyowabagua, wanafunzi wengi huingia darasani na kisa kimoja tu kichwani: mama fundi cherehani alitoka kazini hoi, akakataa kumpisha Mzungu kiti, Marekani ikabadilika. Karatasi tatu zinatosha kukitikisa kisa hicho ndani ya vipindi viwili mfululizo, dakika 80, mradi mpangilio usivurugwe.

Ya kwanza ni ripoti ya polisi ya Montgomery, Alabama, ya tarehe 1 Desemba 1955, siku aliyokamatwa Rosa Parks. Ya pili ni mchoro wa viti vya basi. Zote mbili zilikuwa vielelezo katika Browder dhidi ya Gayle, kesi iliyopinga ubaguzi katika mabasi ya Montgomery, na picha zake hupakuliwa bure kutoka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani. Ya tatu ni barua ya Jo Ann Robinson, aliyeongoza chama cha wanawake Weusi mjini humo, kwa meya wa Montgomery, Gayle. Toa nakala moja kwa kila wanafunzi wawili. Wakiwa wanne kwa karatasi moja, wawili husoma na wawili hupiga soga.

Usianze na mhadhara. Ukishawapa jibu, wataisoma karatasi kutafuta maneno yako. Gawa ripoti kimya kimya, dakika 15, kwa maswali mawili: nani anasema humu, na nani hasikiki? Maneno ni ya askari na dereva. Ya Parks hayamo. Kisha waoneshe vifupisho: dereva ameandikiwa "wm" (white male), Parks "cf" (colored female). Ni rangi na jinsia kwa herufi mbili, na mwandishi wa ripoti hakuona haja ya kuzifafanua. Neno "colored" liache kama lilivyo na ulieleze pembeni. Ukilitafsiri "mtu mweusi" tu, unaifuta harufu ya enzi ile.

Mchoro, dakika 10. Basi lina viti 36, na 10 vya mbele ni vya Wazungu. Kabla ya kuugawa, waulize Parks alikaa wapi. Wengi watasema mbele kabisa. Kumbe ni nyuma tu ya vile 10, ilhali ripoti inasema alikuwa sehemu ya Wazungu. Karatasi zimegongana. Hapo nyamaza, wabishane.

Barua ipe dakika 35, na uifunike tarehe kabla ya kutoa nakala. Robinson anaomba mambo matatu: Weusi wakae kuanzia nyuma na Wazungu kuanzia mbele hadi viti vijae, Weusi wasilipe mbele kisha washuke wakapandie mlango wa nyuma, mabasi yasimame kila kona mitaani kwao. Anakumbusha kwamba robo tatu ya abiria ni Weusi, na kwamba mashirika 25 au zaidi yanazungumzia kususia mabasi. Darasa litaapa iliandikwa baada ya Parks kukamatwa. Fichua: 21 Mei 1954, miezi 18 kabla.

Atatokea wa kusema, "Mbona hawadai ubaguzi ufutwe?" Usiharakishe kuwatetea. Mpe tarehe nyingine: 13 Novemba 1956, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoidhinisha hukumu ya kesi ya Browder, iliyofuta ubaguzi katika mabasi hayo. Miongoni mwa walalamikaji ni Claudette Colvin, aliyekamatwa Machi 1955 akiwa na miaka 15. Parks hayumo.

Dakika 20 zilizobaki, kila mmoja aandike aya moja, na kila sentensi itaje karatasi inayoibeba. Isiyo na karatasi inakatwa. "Alikuwa amechoka" huwa ya kwanza kukatwa.