Somo: Modeli imesema "daraja la tatu". Kwa nini?

Assalam aleikum wanakikundi. Swali la "modeli yangu inapatia vizuri, sasa nitaelezaje kwa nini imeamua hivi?" limeshajibiwa humu mara nyingi na majibu yametawanyika kila pahala. Nayaweka pamoja leo. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Mfano wetu ni modeli ya akili mnemba inayotazama picha ya karafuu zilizokauka na kutaja daraja: la kwanza, la pili, la tatu. Kwa mkulima wa Pemba tafauti ya daraja ni tafauti ya pesa. Akiuliza sababu, "mashine imesema" si jibu.

1. Hifadhi modeli na picha ileile iliyoamuliwa.

2. Tenga picha ambazo modeli haijaziona.

3. Kabla ya kufungua programu yoyote, andika sababu ambazo mjuzi wa karafuu angezitaja: rangi, makonyo (vijiti vya karafuu), mpeta (karafuu zilizoharibika), takataka. Andika pia yale ambayo picha haiwezi kuyaonesha, khasa unyevu. Modeli ya picha isije ikapewa sifa ya kupima unyevu.

4. Toa ramani ya joto kwa Grad-CAM, njia inayopaka rangi sehemu za picha ambako modeli imeelekea. Jueni kwamba ramani hiyo ni ya viraka vikubwa. Kwa ResNet-50 (modeli ya picha inayotumika sana) na picha ya pikseli 224 kwa 224, inatoka ikiwa na viraka 7 kwa 7, halafu inatanuliwa na kulainishwa. Ukingo wake mzuri usikufanye uamini kwamba imegusa konyo moja.

5. Ziba sehemu ya picha, kisha uiulize modeli tena. Hapa msipakimbie. Ramani inakwambia modeli imeelekea wapi. Kwamba uamuzi umetegemea hapo, bado hujathibitisha. Tuseme picha zako za daraja la kwanza zote zimepigwa juu ya majamvi, na za la tatu juu ya saruji. Modeli haina haja ya kuzijua karafuu, itajifunza jamvi. Na jaribio lako litatoa alama nzuri vilevile, maana picha za jaribio zimetoka kwenye rundo hilohilo. Waliobuni LIME, njia nyengine ya kueleza uamuzi wa modeli, mwaka 2016 walilionesha jambo hili kwa makusudi: modeli ya kutenganisha mbwa wa husky na mbwa mwitu ilikuwa ikitegemea theluji iliyo nyuma ya mnyama. Kwa hiyo ziba jamvi, uone alama ambayo modeli inalipa daraja hilo imeshuka kiasi gani. Kisha liache jamvi, uzibe karafuu. Karafuu zikizibwa na uamuzi ukabaki palepale, usimpelekee mkulima maelezo yoyote. Rudi ukapige picha upya, kila daraja juu ya jamvi na juu ya saruji pia.

Tahadhari: ukiziba karafuu chache tu, zilizobaki zitaendelea kusema lilelile, nawe utadhani karafuu hazina uzito. Ziba kwa mafungu, ukiongeza kidogo kidogo.

Tahadhari nyengine: si kila njia ya kuchora ramani inaisikiliza modeli. Utafiti wa Adebayo na wenzake wa 2018 ulivuruga namba za ndani za modeli kwa makusudi, na baadhi ya njia zikaendelea kutoa picha karibu zilezile. Grad-CAM ilifaulu jaribio hilo, Guided Backpropagation, njia nyengine ya kuchora ramani, haikufaulu. Fanya jaribio hilo kwako pia.

6. Rudia kwa picha nyingi.

7. Mwandikie mkulima sentensi anayoweza kuifanyia kazi: "Makonyo ni mengi, yakichambuliwa, modeli inazipa karafuu zako daraja la pili." Usiiandike kabla hujapiga picha ya karafuu hizohizo zikiwa zimechambuliwa.

MASWALI

Kijana wa Konde: Mwalimu, ramani yangu nyekundu imekaa juu ya karafuu. Basi modeli iko sawa? Nitumie na programu nzima.

Jibu: Hatua ya 5. Programu nzima sitoi kwa mtu ambaye hajaziba hata picha moja.

Bint Wete: Shikamoo mwalimu. Nikiziba kwa weusi mtupu alama zinaruka ovyo. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, swali zuri. Modeli haijawahi kuona mraba mweusi katikati ya karafuu, kwa hiyo sehemu ya unachokipima ni mshangao wake kwa ule weusi. Chukua kipande cha jamvi kutoka picha nyengine ukibandike pale, au tumia rangi ya wastani ya picha. Jaribu zote mbili. Majibu yakipishana sana, usiyaamini bado.

Fundi Mkoani: Data yangu ni jedwali, si picha. SHAP inasema umri ndio sababu ya mgonjwa kupona.

Jibu: SHAP ni njia ya kueleza modeli: inagawa alama za modeli kwa kila safu wima ya jedwali, kama umri, haisemi nini kinamponya mtu. Mwaka 2015 Caruana na wenzake walieleza modeli ya nimonia iliyojifunza kwamba wenye pumu wana hatari ndogo ya kufa. Kwenye data ilikuwa kweli, kwa sababu wagonjwa hao walikuwa wakipelekwa moja kwa moja kwenye uangalizi maalumu. Ukiwarudisha nyumbani kwa kuifuata modeli, unaweza kuwaua.

Kijana wa Konde: Nimeziba. Jamvi likiondoka, daraja la kwanza linageuka la tatu.

Jibu: Ahsante kwa kurudi. Umelipata tatizo kabla halijamfika mkulima. Nitumie picha kumi, tuzitazame pamoja.

Bint Wete: Na mwanga? Za asubuhi na za jioni rangi hazilingani.

Jibu: Funga mpangilio wa rangi kwenye kamera ya simu, usiiache ijirekebishe. Weka karatasi nyeupe pembeni ya kila picha upate kusawazisha rangi baadaye. Ukimaliza kusawazisha, ikate karatasi hiyo kabla ya kuifunza modeli, isije ikajifunza karatasi.