SOMO: Kupaka mafuta ya parachichi usoni msimu wa baridi (soma kabla hujaniuliza inbox)

Kila Juni upepo ukianza kukata huku Uyole, Mbeya, simu yangu inajaa swali moja: "Dada, yale mafuta yanapakwaje?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Nunua chupa ndogo, ya kioo cheusi au kahawia. Yaliyokamuliwa bila moto yana ukijani. Yakinuka kama karanga zilizochacha, rudisha. Parachichi ulilosaga kwenye blenda si mafuta, litaoza.

2. Soma lebo. Yenye manukato acha.

3. JARIBU MKONONI KWANZA. Najua mtaruka hapa, ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa. Paka tone moja upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni, palepale, kwa wiki nzima. Siku moja haitoshi, kwa sababu mzio mara nyingi hujitokeza siku ya pili au ya tatu, wakati wewe umeshajipaka uso mzima. Na kwa ngozi zetu nyeusi, muwasho mdogo tu unaweza kuacha doa la miezi. Usianze wiki ya harusi wala kipaimara. Usianze pamoja na sabuni mpya, hutajua mchawi ni nani. Ukila parachichi ukawashwa mdomo, usiyaguse kabisa.

4. Nawa kwa maji ya uvuguvugu. Sabuni ya mche ni ya nguo.

5. Usijifute ukakauka. Uso ukiwa bado na unyevunyevu, weka matone mawili matatu kiganjani, sugua viganja, kisha kandamiza usoni.

6. Paka usiku. Mchana paka losheni ya kukinga jua, SPF (kipimo cha kinga ya jua, kimeandikwa kwenye lebo) 30 kwenda juu. Baridi ya Mbeya inadanganya. Kadiri ulivyo juu milimani, ndivyo miale ya jua inavyozidi ukali.

MASWALI

Binti Tukuyu: Nimepaka tangu juzi, bado nimepauka. Nimeibiwa?
— Ulipaka uso mkavu?
Binti Tukuyu: Ndiyo.
— Namba 5.

Mtoto wa Mwanjelwa: Yanatakatisha? Nipe ya haraka.
— Hapana. Ukiuziwa "ya parachichi" yanayokutakatisha kwa wiki moja, huo ni mkorogo. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kuchubua zinazotiwa humo, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na si kwa bahati mbaya.

Shangazi M: Nikitia limao kidogo?
— Limao na jua vinababua ngozi. Tia kwenye chai.

Mwalimu Njombe: Samahani dada, kwa nini maji yatangulie? Na alizeti ya hapa kwetu haifai?
— Karibu mwalimu, hilo ndilo swali. Mafuta hayana maji ndani yake, kazi yake ni ya mfuniko: yanazuia unyevu uliopo usitoroke. Ukifunika sufuria tupu, utapata nini? Alizeti inafaa sana. Ile ya kawaida ina asidi ya linoliki kwa wingi, ambayo ngozi huitumia kujenga ukuta wake wa juu. Parachichi lina zaidi asidi ya oleiki, ni zito kidogo. Mwenye chunusi aanze na alizeti iliyosafishwa. Iliyokwisha kukaangia maandazi, hapana.

Mwalimu Njombe: Asante. Na nazi?
— Huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kwenu Julai utaichota na kijiko. Usoni inaweza kuziba vinyweleo. Ipeleke miguuni.

Baba Mafinga: Hapo kwenye miguu, magaga je?
— Loweka dakika kumi, futa, paka mafuta mazito ya mgando, vaa soksi, lala. Halafu baba, punguza maji ya moto bafuni na kulikumbatia jiko la mkaa. Hivyo viwili vinakausha ngozi, na mkaa chumba kikifungwa unaua.

Mtoto wa Mwanjelwa: Sasa ya kutakatisha nipate wapi?
— Umesoma?